Aliyemfuata Baba

Hasamba, 3 Machi 2024

Kwako mdogo wangu Violet,

Habari za huko Dar na joto lake? Sisi wazima, ukimtoa baba. Naandika barua kwa sababu ukipiga simu baba anataka iwekwe sauti kubwa asikie kila neno, na haya sitaki ayasikie.

Mkono wake umezidi kutetemeka. Kikombe namshikia mimi, vifungo namfunga mimi, chooni nampeleka mimi. Lakini akiingia mgeni habari ni moja tu: Violet wangu yuko maabara, ananitafutia dawa. Violet wake! Na mimi nimesimama pembeni na kikombe. Naona wivu, nakwambia wazi.

Sasa umetuma ujumbe kwamba watafiti wenu wanataka damu zetu, wajue nani kamfuata baba. Ya nini? Pua yake unayo, mwendo wake unao, akili za shule unazo. Mimi damu yangu sitoi.

Dada yako,
Marita


Dar es Salaam, 21 Machi 2024

Shikamoo dada,

Pole sana kwa kumuuguza baba. Dawa sitafuti mimi, napanga sampuli tu. Baba anatia chumvi.

Nikueleze ugonjwa wenyewe. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kujongea vizuri. Kila seli ina sehemu ya kusaga protini zilizoharibika. Kwa baba usafi huo umekwama. Protini zinakunjika vibaya, zinashikana mabonge, na seli zinakufa polepole. Mkono unapoanza kutetemeka, nyingi zimeshakufa.

Huanzia mbali. Unakumbuka Jumapili ile baba alipokaanga kahawa hadi ikawa mkaa, naye kasimama juu ya kikaango? Marehemu mama alimgombeza kwa uzembe. Haukuwa uzembe. Pua ilikuwa imeacha kusikia harufu, miaka kabla ya mkono.

Wagonjwa wengi sababu yao haijulikani. Baba ana jeni yenye kasoro, ndiyo inayovuruga usafi ule. Kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na aliyeirithi si lazima augue. Sikulazimishi, dada, nakuomba.

Mdogo wako,
Violet


Hasamba, 16 Juni 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Baba anakusalimu. Nimekaa kimya miezi mitatu kwa sababu ya maneno yako mawili: "mtoto wake."

Shangazi Eva aliposikia kuna kipimo cha damu alicheka mbele ya watu, akasema sasa tutajua mama alikuja na nini kutoka kwao Isongole. Unajua wanavyosema, kwamba mama aliolewa hapa mimi nikiwa tumboni tayari. Wewe hakuna aliyewahi kukutazama usoni akanyamaza. Tangu uzaliwe nakuonea wivu kwa hiyo pua.

Ndiyo maana nilikataa. Niliogopa damu itasema baba si wangu, na mimi ndiye ninayemlisha. Alhamisi nimekwenda hospitali ya Vwawa, nimewapa damu. Majibu nimesema yaje kwangu peke yangu.

Dada yako,
Marita


Dar es Salaam, 30 Juni 2024

Shikamoo dada,

Kipimo hiki hakitafuti hayo ya shangazi. Ukikosa jeni ile, bado unaweza kuwa mtoto wake. Majibu yangu yametoka, mimi sina, na pua ni ileile.

Nami nikwambie wazi. Mwezi uliopita mlisahau kukata simu. Nikakusikia ukisema baba ameganda mlangoni, miguu imekataa, kisha ukaanza kumwimbia, naye akaimba, nikasikia hatua zake zinafuata wimbo. Hajawahi kuimba na mimi. Huniuliza nimekula nini, basi. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa wivu.

Mdogo wako,
Violet


Hasamba, 8 Septemba 2024

Mdogo wangu Violet,

Natumaini u mzima. Majibu nimepata. Daktari alifunga mlango, akaongea polepole kama anayeleta msiba. Ninayo, ileile ya baba. Akasema ni adimu, nimeitoa kwake. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni baba yangu?" Akashangaa, akasema ndiyo. Nikacheka palepale kitini. Shangazi Eva nilimfuata hadi shambani kumwambia kwamba aliyemfuata baba ni mimi, na wewe hukumfuata. Nilijivuna siku tatu nzima, kwako pia, unisamehe.

Jana baba alitaka kahawa. Nikakaanga, huku namwimbia avuke kizingiti aje jikoni. Alivuka, akakaa karibu yangu, tukawa tunaimba. Mara jirani yetu Watson akaja mbio, anauliza nini kinaungua. Nikatazama chini. Kahawa ilikuwa mkaa mtupu, na mimi nimesimama juu ya kikaango.

Baba alinitazama. Akanishika mkono kwa ule wake unaotetemeka.

Njoo Desemba, mdogo wangu. Nikufundishe ule wimbo wa mlangoni wakati bado naukumbuka vizuri. Utatuimbia wawili.

Dada yako,
Marita