Laini ya Pili

Jumatatu, 8 Mei

Kampuni ya simu imenipigia tena. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, wana ofa nzuri, nina bahati sana. Nimemwambia yule kijana nitafikiri. Mtu mzima, mfamasia mwenye digrii, naogopa ofa!

Lakini si ofa. Ni laini ya pili. Nilipochukua mkataba huu walikuwa wanatoa simu mbili kwa bei ya moja — moja yangu, moja ya mdogo wangu Nthatisi. Kwetu mwenye hati ya mshahara ni mimi, kwa hiyo kila cha mkopo kina jina langu, hata friji ya Mama. Wakati ule Nthatisi alikuwa bado anaishi nasi hapa Bloemfontein. Sasa yuko Welkom kwa mumewe, Moeketsi. Haendi kazini. Haendi kanisani. Amebakiwa na simu tu. Kila asubuhi Moeketsi akishaingia mgodini, Nthatisi ananitumia neno moja: "Nipo." Namjibu: "Nipo." Halafu anafuta.

Neno hilo likikatika, sitajua lolote.

Jumanne, 9 Mei

Moeketsi ameanza kusema atamnunulia simu yeye, kwa jina lake. Mke wake hatalipiwa na shemeji. Basi ni lazima niongeze mkataba, laini zote mbili, na haraka. Ila bei waliyonitajia siiwezi.

Nimemwuliza Tebello, tunayekaa naye kaunta moja pale famasi. Anajua bei za simu kuliko wenye kampuni. Alicheka mpaka akapoteza hesabu ya vidonge. "Keneuwe, msomi mzima unakubali bei ya kwanza? Hata nyanya hununui hivyo! Waambie unahama, wafunge kila kitu. Watakupeleka kwa watu wa kubembeleza — hao ndio wenye bei. Halafu nyamaza. Wa kwanza kusema ndiye mjinga."

Nikamwambia sijui kunyamaza kwa namna hiyo.

"Hujui? Mwaka mzima umeninunia hapa kaunta!"

Alhamisi, 11 Mei

Nimefanya! Nimesema nahama, fungeni laini zote mbili. Dada wa upande wa pili, Chantelle, akasema atanirudia na ofa, ila kwanza lazima asajili ombi langu. Sajili, nikasema, kama malkia. Tebello akanipigia makofi.

Baadaye. Ujumbe umeingia: ombi lako la kufunga laini hii limepokelewa. Laini hii. Nimeusoma nimesimama, nikausoma tena. Wanautuma kwa kila laini. Kwa kila laini! Na leo Moeketsi yuko mapumziko, yuko nyumbani. Akiwa nyumbani simu ya Nthatisi hukaa mezani, mbele yake.

Ijumaa, 12 Mei

Hakuna "Nipo".

Jumamosi, 13 Mei

Nimepiga. Ikapokelewa, nikasikia televisheni. Kisha Moeketsi, kwa ule upole wake: "Shemeji! Mbona mnafunga laini kimya kimya? Mke wangu anahama bila kuniaga?"

Nikasema ni mbinu tu, nabembeleza bei.

"Mbinu." Akacheka. "Nyie wasomi mnanichezea."

Nikaomba kusema naye. "Amelala." Jua limeshapanda, amelala! Akakata. Sasa simu imezimwa.

Mama anasema nipunguze moto, yule ameshatoa ng'ombe wote wa mahari, wazee wake wamekula hapa. Polisi niliowapigia wanasema mwenyewe aje aandikishe. Niende? Nilienda mwezi wa tatu. Moeketsi alinipokea vizuri, akachinja kuku, akanisindikiza mpaka stendi. Wiki iliyofuata Nthatisi aliandika: Dada, usije tena. Ukiondoka wewe, nalipa mimi.

Naogopa kwenda. Naogopa kukaa. Nimekaa.

Jumatatu, 15 Mei

Chantelle amepiga. Bei imeshuka karibu nusu. Laini zote mbili, bando mara mbili, simu mpya kwa kila laini. Sikusema kitu. Haikuwa mbinu — nilikuwa nalia. Akaongeza spika ndogo ya muziki, bure. Tebello angejivuna.

Nikauliza simu zinafikaje. Dereva analeta mpaka mlangoni. Ya pili inaweza kwenda mji mwingine? Inaweza. Nani anapokea?

"Mwenye jina lililoandikwa kwenye mzigo tu, dada, na kitambulisho mkononi. Dereva lazima amwone kwa macho yake. Wizi umezidi."

Lazima amwone.

Mimi siwezi kufika pale mlangoni bila Nthatisi kulipa. Mama hataki. Polisi hawaendi. Lakini mtu wa mizigo anagonga kila mlango wa Welkom, nani atamshuku?

Nikasema sitaki spika. Sitaki bando mara mbili. Nataka ya pili iende Welkom, kwa jina la Nthatisi, asubuhi, wakati mumewe yuko kazini, na dereva anipigie akiwa getini. Chantelle akauliza, taratibu: "Dada, kuna shida huko?"

Nikasema ndiyo.

"Naandika asipewe mtu mwingine. Naandika kwa herufi kubwa."

Jumatano, 17 Mei

Tebello ameleta magwinya, yale maandazi ya mtaani, bado ya moto, mafuta yamelowesha karatasi. Nimekula kipande nikakitema.

Nikiwaza: Moeketsi akidhani Nthatisi mwenyewe ndiye kaagiza? Mara ya kwanza nilimponza nilipokwenda nikachinjiwa kuku. Mara ya pili kwa mbinu ya bei. Hii je?

Tebello anasema nimefanya ninachoweza. Nikamjibu, hapana, nimefanya ulichonifundisha. Akarudi kwenye vidonge vyake. Sikuwa na haki. Sikuomba radhi pia.

Ijumaa, 19 Mei

Niko stoo ya famasi. Ujumbe unasema dereva ametoka na mzigo. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Amepiga! Sauti ya mzee. "Binti yangu Keneuwe? Niko getini. Kuna bwana hapa anasema mkewe hayupo, kasafiri kwao."

Kwao ni hapa! Na yeye si angekuwa mgodini?

"Anataka asaini yeye."

Nimemwambia usimpe, mzee. Usiondoke. Nimeweka simu juu ya boksi, spika wazi. Namsikia Moeketsi: "Mzee wangu, ni simu tu hiyo. Nipe, nenda kapumzike."

"Mwanangu, hata ungekuwa mfalme, mimi nataka mwenye jina. Ukinifukuzisha kazi utanilisha wewe?"

Moeketsi anacheka. Sasa hacheki.

Mzee amerudi kwenye simu, anasema chini chini. "Binti, huyo mkewe ni mwembamba, ana kitambaa cha njano kichwani?"

Ndiyo. Labda. Sijui!

"Kuna mtu dirishani, upande wa jikoni. Nimenyanyua mzigo auone. Ananionyesha mlango." Akashusha sauti zaidi. "Mlango una kufuli, binti. Kwa nje."

Nimemwita Tebello. Anapiga polisi kwa simu ya kaunta, anawatajia mtaa, anawatajia namba ya nyumba, anapiga kelele — sijawahi kumsikia akipiga kelele. Nimemwambia mzee polisi wanaitwa, asikate. Hajakata. Namsikia anamwambia Moeketsi haya basi, tuelewane, wewe utasaini, ila kimashine changu hiki kinasumbua, mtandao wa huku mbovu, unazunguka tu, hebu njoo usimame upande huu kwenye kivuli, usubiri kidogo, mwanangu, kidogo tu —