Biskuti za Ufuta kwa Mjukuu wa Koboko

Jumatano, 22 Ramadhani. Arua

Mzio: mwili hukidhania chakula kisicho na madhara kuwa adui, ukakishambulia kwa nguvu inayomuumiza mwenye mwili. Si sumu. Si husuda ya jirani. Chakula chenyewe hakina hatia. Naandika maana hii kwanza ili nitulie.

Sufuria ya mchanga ilikuwa juu ya sigiri kama kila mwaka wakati huu, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Biskuti za karanga, sinia la tatu. Nilikuwa nazibonyeza kwa uma, mistari ikipishana, kama alivyokuwa akifanya marehemu mke wangu. Mjukuu wangu Hawa, ambaye bado hajatimiza miaka miwili, aliokota moja iliyovunjika akala. Yeye hafungi, hakuna aliyemzuia. Sinia halijaiva, midomo yake imevimba, shingo ina mabaka mekundu, anakohoa bila kupaliwa.

Mama yake, binti yangu Salama, alimbeba akakimbia bila viatu. Zahanati wakamchoma sindano. Uvimbe ukashuka. Tabibu alisema pengine ni karanga. Hapa hakuna kipimo cha kuthibitisha. Akaongeza kwamba mara ya pili huweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Naogopa. Sentensi hiyo haihitaji kupambwa.

Ijumaa, 24 Ramadhani. Arua

Salama na Hawa wanarudi Koboko keshokutwa, kwa Mama Juma, mkwe wake. Mumewe Juma yuko safarini na lori. Idi inakaribia. Kwetu Wanubi siku hiyo kila nyumba huwa na sinia la biskuti, na watoto waliovaa nguo mpya huingia mlango hadi mlango. Hakuna mtoto anayetoka mikono mitupu. Karibu kila biskuti ina karanga. Mwaka huu ndio wa kwanza Hawa atatembea kwa miguu yake.

Nimempigia Mama Juma simu nikamweleza. Karanga kwake ni *fulu*, kwa Kinubi.

"Baba Salama, sisi tunakula fulu toka Sudani mpaka hapa. Nani alikufa?"

Nilisema sikutaja kifo.

"Basi ni biskuti yako iliungua. Mwanaume napika, mtoto naumwa, halafu fulu ndio naitwa mwizi!" Akacheka. Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha: "Lete yeye. Mimi nitampa kidogo kidogo. Atazoea."

Anampenda mtoto huyu kuliko roho yake. Atamlisha kwa mapenzi.

Jumapili, 26 Ramadhani. Koboko

Nimewasindikiza mwenyewe. Hoja hazikumgusa Mama Juma. Salama, ambaye huwa hamwinulii mkwe wake macho, alimwekea simu mkononi. Picha ya Hawa ya Jumatano: jicho moja limefumba, midomo si yake. Mama Juma aliitazama. Akaketi chini.

Baadaye alitoa gunia lake la karanga, akawagawia majirani. Akatoa na masinia mawili ya biskuti alizokwisha kuoka. Akasugua vyombo kwa majivu, kwa hasira, bila kuniangalia.

"Na Idi? Salama ataletewa nini kutoka kwao?"

Swali la haki. Biskuti za Idi hutoka nyumbani kwa mke, na mke asiyeletewa chochote husemwa mwaka mzima. Niliahidi kuleta biskuti za ufuta. Siagi sawa, sukari sawa, ufuta uliosagwa badala ya karanga. Alikubali kwa kichwa.

Leo nitalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumatano, 29 Ramadhani. Arua

Ufuta nimeununua kwa mama mmoja wa Ayivu, nikauchambua mwenyewe. Hofu yangu ilikuwa mashine. Mashine ileile sokoni husaga ufuta na karanga, mteja baada ya mteja. Kwa hiyo nimewahi alfajiri, kabla ya mteja yeyote.

"Mashine iko safi, Mwalimu. Jana jioni nilipangusa," alisema mwenye mashine.

Sikuonja. Nimefunga. Rangi ilikuwa nzuri, kijivu chenye mafuta. Nimeoka hadi adhuhuri. Zimetoka laini, zimekauka pembeni tu. Nimezipanga katika mkebe mpya, si ule wa zamani. Nimejiridhisha.

Ijumaa, 1 Shawali. Koboko. Hospitali

Benchi la ukumbini. Naandika kwa sababu siwezi kukaa tu.

Baada ya swala ya Idi Mama Juma alimtembeza Hawa mwenyewe. Kila mlango alitanguliza kiganja: "Hii mtoto hapana fulu. Hapana!" Wanawake wakamtania. "Haboba wako iko polisi leo, Hawa!" Haboba ni bibi; hata yeye alicheka kuitwa polisi. Hawa alipewa soda, peremende, sarafu. Biskuti hata moja hakupewa. Mama Juma alilinda kila mlango.

Walirudi. Mtoto ana njaa. Nilifungua mkebe nikampa biskuti ya ufuta, kwa mkono wangu, mbele ya wote. Nilikuwa nimejivuna kidogo.

Alianza kujikuna masikio. Kisha kutapika. Kisha kifua kikapiga mluzi. Tabibu alisema kweli: mbaya kuliko ya kwanza. Mama Juma alimnyakua, akapanda boda bila kuuliza bei, Salama nyuma yake. Nikabaki nimesimama na mkebe mkononi.

Sindano. Oksijeni. Sindano tena. Hatuingii. Nimejaribu kuomba, midomo inasema, akili haipo.

Mama Juma amekaa mwisho wa benchi. Ameshika kiatu kimoja cha Hawa. Kingine kimeanguka njiani.

"Ulifukuza fulu yangu, Baba Salama, halafu ukaleta yako."

"Ilikuwa ufuta."

Alikigeuza kiatu kiganjani. Hajafuta machozi.

Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Zaidi ya siku mke wangu alipofariki, kwa sababu ile haikutoka mkononi mwangu.

Jumamosi, 2 Shawali. Koboko

Anapumua mwenyewe. Ameomba maji. Ameomba kiatu.

Jumatatu, 4 Shawali. Arua

Nimekwenda mashineni nikamwomba mwenye mashine aifungue mbele yangu. Alidhani naleta ugomvi. Alipoona uso wangu akafungua.

Nje imepanguswa, kweli. Ndani, pale bakuli linapoingia kwenye mawe ya kusagia, kuna tope lililoganda. Limejaa vipande vya ngozi nyekundu ya karanga. Wa kwanza wa siku si wa kwanza wa mashine. Mzigo wangu ulipita juu ya masalio ya jana, ukayasukuma mbele, ukayabeba nyumbani. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi kusuuza bomba la majaribio kabla ya kulitumia tena. Pale nilichunguza foleni, chombo sikukichunguza.

Kama nisingekuwa nimefunga, huenda ulimi ungenieleza. Huenda. Nimetafuta njia ya kuifunga sentensi hiyo, sijaipata.

Nimempigia Mama Juma nikamwambia yote.

"Kwa hiyo fulu ilipanda gari ya ufuta." Kisha: "Mimi nilitaka kumpa kidogo kidogo. Wewe ulimpa moja mzima. Sisi wote wawili tunyamaze."



Jumatano, 6 Shawali. Arua

Mvua tangu asubuhi. Sigiri baridi.

Salama ameandika: Hawa anacheza, sauti bado nzito. Mama Juma anapika mboga kwa maji na chumvi, na nyumba nzima inakula hivyo bila manung'uniko. Amenunua kinu kidogo cha mbao. Hakuna mwingine anayekigusa.

Leo nimejaribu kuandika hitimisho kama ninavyotaka hitimisho liwe. Karanga ilikuwepo katika mashine. Basi karanga ilikuwepo katika biskuti. Basi karanga ndiyo. Nimeisoma mara ya pili, haisimami. Hawa hajawahi kula ufuta kabla ya siku ile. Nimemuuliza Salama, ana hakika. Wapo watu ambao ufuta wenyewe huwadhuru vivyo hivyo. Biskuti ilikuwa moja, washukiwa wawili. Ili kuwatenganisha lazima mtoto apewe mmoja peke yake, na katika miji hii miwili hakuna mkono utakaompa. Wangu hautampa.

Mvua imepungua. Nasikia mtu anatwanga, mbali.

Je, ni karanga iliyobaki kooni mwa mashine, au ufuta wenyewe?