Pemba ya Nkambo na Miezi ya Watoto wa Lusangi

Lusangi, njia ya Kasongo
Tarehe 14 Juni 1953

Kwa Yaya Régina, Albertville

Mupendwa yaya, dada yangu mukubwa,

Kabla hujasoma mustari wa pili, keti vizuri, maana anayekuandikia si tena yule Placide uliyekuwa unamupiga makofi kwa kuiba karanga. Tangu juma lililopita mimi ndiye mwenye mwezi. Hapa Lusangi nikisema ujae, unajaa. Nikisema ufe, unakufa, halafu naufufua mbele ya watu na kwenda zangu kula. Hata padri hawezi hivyo. Yeye amezoeana na jua tu, na jua lenyewe linamuunguza pua.

Haya, sasa salamu. Hujambo, yaya? Shemeji Jean-Marie hajambo, au mushahara wa gari moshi umemunenepesha hata hapiti tena mulangoni? Na tumbo iko namna gani? Umeandika kwamba mutoto anapiga teke bila kupumzika. Usimugombeze, anafuata damu ya mujomba wake. Sisi huku tuko wazima. Baba mugongo unamuuma, lakini ulimi wake hauna ugonjwa hata kidogo. Nkambo, mama wa baba, aliyetulea tangu mama alipotutoka, macho yamepunguka, ila masikio yake bado yanasikia mutu akifunua chungu nyumba ya tatu.

Najua unangoja nini. Unangoja pemba, ule udongo mweupe Nkambo anaoutunza katika kikopo chini ya kitanda chake, ili mutoto wako apakwe kwenye paji la uso siku ya kutolewa nje. Nkambo ameniagiza niutume kwa Kassimu, dereva wa kamio, anayeondoka kesho asubuhi kwenda Kongolo, kwenye gari moshi. Habari hiyo tutaifikia. Niache kwanza nijisifu, karatasi ni yangu.

Mwalimu Zéphirin alishikwa na homa, wakamupeleka Kasongo. Padri akatafuta mutu wa kuwashika watoto wadogo, akaniona nimeegemea ukuta wa kanisa. Nilisoma miaka mine, na ule wa mine niliusoma mara mbili, kwa hiyo wewe hesabu mitano. Akaniambia niwafundishe habari za mwezi: namna unavyozunguka dunia, na kwa nini siku zingine unashikwa, yaani unafunikwa na giza. “Nikirudi kutoka safari ya vijijini nitawauliza wao, sitakuuliza wewe,” akasema. “Wakijibu, mwaka ujao utapata kalasi yako.”

Siku ya kwanza nilichora mwezi ubaoni. Zuberi, mutoto wa yule Mwislamu mwenye duka, ambaye kila Ramadhani anapanda kichuguu na baba yake kuutafuta mwezi, akainamisha kichwa kama fundi anayetazama kazi mubaya. “Mwalimu, huo ni mukate umeliwa na panya.” Kalasi nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, yaya, maana kweli ulikuwa mukate.

Ndipo akili yangu ikaamka. Nikawapeleka mutoni, kila mumoja akafinyanga donge la udongo kama ngumi yake na kulichoma kijiti. Lakini udongo wa huku ni mweusi, jua linaupiga na wenyewe hauonyeshi kitu. Tukapaka majivu, yakapukutika. Nikakumbuka kikopo cha Nkambo. Nikasema nitachota kidogo, ncha ya kijiko tu, hatajua.

Ungeona, yaya. Saa kumi na moja, jua limeinama upande wa Lualaba, watoto wamesimama kiwanjani, kila mumoja ananyoosha mukono na mwezi wake mweupe. Nikawaambia: kichwa chako ndicho dunia, jua ni lile pale, mwezi hauna moto wake, unaazima tu. Jigeuzeni polepole. Wakiliangalia jua, donge lote likawa giza. Wakigeuka kidogo, ukatokea ukingo mwembamba kama kucha. Wakigeuka tena, nusu. Wakilipa jua mugongo, mwezi muzima, mweupe kama yai. Zuberi akaanza kupiga kelele kwamba umeandama, umeandama, akiutazama mwezi wake mwenyewe. Na alipoushika mbele ya jicho akaliziba jua lote, nikamwambia: hivyo ndivyo jua linavyoshikwa mchana.

Sasa sikiliza. Hawa, yule musichana murefu anayeuliza kupita watu wote, akasema: “Mwalimu, wewe unasema mwezi unashikwa ukiingia katika kivuli cha dunia. Kila mwezi unajaa, na kila ukijaa sisi tuko katikati. Mbona haushikwi kila mara?” Yaya, nikajifanya nanyoosha mustari wa watoto. Katika miaka yangu mitano hakuna aliyenifundisha hiyo.

Aliyeniokoa ni Mwanvua, mudogo kuliko wote. Mukono ulimuchoka, akaushusha, mwezi wake ukaingia katika kivuli cha kichwa chake, ukazimika. Akaanza kulia kwamba mwezi wake umekufa. Nikamutazama Hawa: yeye aliushika juu, kivuli cha kichwa kinapita chini yake, mwezi unang'aa. Basi nikakohoa kama padri na kusema: “Ndiyo hiyo niliyokuwa nawangojea muione. Njia ya mwezi imelala upande. Mara nyingi unapita juu ya kivuli au chini yake. Siku njia zinapokutana, unashikwa.” Wewe peke yako unajua kwamba nilikuwa najifunza pamoja nao.

Unakumbuka ile mara mwezi uliposhikwa, tukapiga masufuria hata moja likatoboka, na baba akatupiga sisi? Masikini sufuria. Mwezi ungetoka tu wenyewe.

Padri alirudi juzi. Akamuuliza Mwanvua, si Hawa. Mutoto akainua mukono mutupu, akazunguka, akaeleza yote, na mwisho akaushusha na kusema, “Hapa tu ndipo unakufa, na haukawii.” Padri akanipa mukono. Kalasi ni yangu.

Musalimie shemeji, umwambie ngozi ya ngoma niliyomwahidi bado iko kwenye mbuzi, na mbuzi bado anatembea. Salamu kwa jirani yako Victorine na watoto wake. Baba anakusalimu, na mudogo wetu Pascaline anasema uzae musichana, wavulana wa jamaa hii wanamutosha. Mungu akushike mukono siku ile, akufungulie njia nyepesi, akurudishie nguvu zako zote.

Sasa ile pemba. Ncha ya kijiko ilitosha kupaka miezi mitatu tu, yaya, na watoto walikuwa kalasi nzima. Watoto watatu miezi yao inang'aa, wengine wananitazama na madonge meusi. Nikarudi kwenye kikopo, nikarudi tena. Baadaye nilipita nyumba kwa nyumba kuikwangua ile miezi. Mingine ilifutika mikononi, mingine ilichezwa mupira. Mama wa Zuberi, mwenye mimba kama wewe, aliulamba wa mwanawe hata kijiti. Na kule mutoni Salamabila, Nkambo alikoichimba pemba akiwa musichana, kampuni ya dhahabu imepindua ukingo wote, hakuna tena udongo ule. Baba alipakwa nayo, wewe ulipakwa, mimi nilipakwa. Mutoto wako hatapakwa. Nkambo amekaa nje sasa hivi na kitambaa magotini, anangoja nimuletee kikopo akufungie kwa mikono yake, na ndani hakuna kitu, na bado sijamwambia.

Mimi ndugu yako nikupendaye hata ukikasirika,
Placide