Nyoka Wako Amepata Joto

Shangazi mpenzi,

Sote tunakusalimu, hata nyoka wako, ingawa hana mkono wa kupunga.

Wiki iliyopita aligoma kula. Kipimajoto cha sanduku lake kilionyesha joto la kutosha, lakini nilipomgusa alikuwa baridi kama bomba la maji. Nikalia. Baba, ambaye tangu mlipogombana hataki hata utajwe, aliacha friji aliyokuwa akiitengeneza, akaja.

"Kipimo umekibandika juu, karibu na taa ya kumpasha joto," alisema. "Kwani nyoka analala darini?"

Alikishusha hadi chini, akateremsha na taa, kisha akaziba mwanya wa kifuniko cha sanduku la kioo kwa mpira wa mlango wa friji.

"Maisha yangu yote napoza vitu," alinung'unika. "Leo dada yangu kanifanya nipashe nyoka moto!"

Shangazi, ametamka mwenyewe: dada yangu.

Jana nyoka alikula. Ahsante sana kwa kuniachia. Nilipomuuliza baba kama nikuandikie, alijibu bila kunitazama, "Mwambie aje amwone mdudu wake." Leo asubuhi nimemkuta akitengeneza kitasa cha chumba chako.

Ni mimi, binti wa kaka yako