Mwizi wa Alizeti kwa Mama Karoli

Grand Prairie, Texas

Dada yangu Anastazia,

Shikamoo dada. Mguu unaendeleaje? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba sasa unaukanyaga vizuri, nikamshukuru Mungu, ingawa nakujua, utakuwa umeshaanza kubeba ndoo kabla daktari hajakuruhusu. Sisi huku wazima. Mume wangu bado yuko kwenye ghala la mizigo, mimi bado nauguza wazee, na Neema wetu karefuka, magauni yote yamekuwa mafupi. Ukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, ila kwa babu yake hathubutu.

Najua unachosubiri. Uliniuliza kama Baba anarudi kabla ya kilimo, ili ujue kama umkodishie mtu shamba la bondeni au uliache. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa linaniuma. Alipofika alifurahi siku chache tu, kisha akanyamaza. Kutwa yuko kwenye kochi, koti mwilini ndani ya nyumba, anatazama mlango. Nikimpikia wali anauliza mchele wa wapi. Neno lake likawa moja tu, nirudisheni nyumbani. Dada, nimelia sana chooni, maana nilimsubiri miaka.

Sasa sikia kituko. Nyuma ya uzio wetu anakaa mama mmoja mzungu, mjane, anaitwa Carol, na Baba anamwita Mama Karoli. Uani kwake kuna nguzo, na juu yake ametundika chombo cha kuwalishia ndege, kimejaa alizeti na mtama. Ndiyo, anakwenda dukani kununua nafaka awape ndege. Mimi nimeshazoea, lakini Baba hakuna aliyemwambia. Asubuhi moja kachungulia uzioni, kaona ndege wamejazana kwenye mtama wa watu na mwenyewe hayupo. Baba yule aliyekuwa akituamsha alfajiri tukaamie ndege kwenye mpunga mpaka sauti zinakauka, unadhani angeacha? Akapanda juu ya ndoo akaanza kuamia. Mayowe, makofi, mabonge ya udongo, kila kitu. Kumbe mwenzangu anamsaidia jirani.

Mama Karoli akatoka na gauni la kulalia, mikono kichwani. Mimi nikakimbilia kwake, maana huku ugomvi wa jirani unaweza kukuletea polisi mlangoni. Nikamweleza kwamba kwetu ndege humaliza shamba, na baba yangu alidhani anamwokolea mavuno. Akacheka mpaka akashika uzio. Akaniambia ndege ni wageni wake, marehemu mumewe ndiye aliyewazoesha kuja pale. Mwizi ni mwingine, na yeye mama wa watu, kwa magoti yake yalivyo mabovu, ameshindwa kumfukuza. Alikuwa anafikiria kukiondoa chombo kabisa.

Mwizi mwenyewe ni rakuni. Mnyama huyu ni mkubwa kama paka aliyenenepeana, mkia una pete, macho yamezungukwa na weusi, na vidole, dada, ni kama vya mtoto mchanga. Jua likizama anapanda nguzo, anafungua kifuniko, anakula, anamwaga kilichobaki. Nilipomtafsiria Baba habari hizo, alivua koti.

Kwanza alichanganya nafaka na pilipili. Alisema ndege haiwawashi, mbona wa nyumbani wanamaliza pilipili kichaa mtini. Kweli, ndege walikula. Rakuni naye akapiga chafya, akanawa mikono kwenye beseni la maji ya ndege, akaendelea kula. Baba alinuna siku nzima. Kisha akaagiza bati. Akalikata na kulikunja kama lile tunalovisha miguu ya ghala la mpunga panya wasipande, akalifunga kwenye nguzo, halafu akaihamisha nguzo yenyewe mbali na uzio, maana yule mshenzi alikuwa anarukia kutoka pale. Rakuni akaja, akapanda kwa madaha, akafika kwenye bati, akateleza akaangukia matako. Akajaribu tena, yakawa yale yale. Neema alicheka mpaka akasahau Kiingereza chake. Hata hivyo Baba hamwamini, na kila jioni anakwenda kukishusha chombo na kukiingiza ndani kwa Mama Karoli, asubuhi anakirudisha.

Siku hizi utawakuta wamekaa barazani, yule na Kiingereza chake, Baba na Kiswahili chake, na wanaelewana wanavyojua wao. Jumapili nikajikaza nikamuuliza kama tuithibitishe tiketi yake ya kurudi. Akatazama ndani ya kikombe.

"Mwambie dada yako akodishe shamba," akasema. "Yule mama nani atamshushia chombo?"

Nilifurahi, na sikufichi, niliumia. Nikamwambia, Baba, mimi mwanao nimekubembeleza ubaki umekataa, leo unabaki kwa ajili ya ndege wa jirani? Hakukasirika.

"Wewe ukinikumbuka unaniletea chai," akasema. "Yeye akinikumbuka ananiita."

Ni kweli, tangu afike sijamwacha hata aoshe kikombe chake. Nilidhani ndiyo heshima.

Basi kodisha shamba, lakini msimu mmoja tu, na umpe mtu anayejua kupalilia. Nisalimie sana shemeji, Mama Mdogo wa kwaya, Mjomba fundi baiskeli, na yule bibi wa mkaa aliyetulea kama wajukuu zake. Waambie wote Baba ni mzima na amenenepa.

Jana nimerudi kazini nikakuta mlango wa stoo umeng'oka bawaba. Siku zote ningemsubiri mume wangu. Safari hii nilisimama pale pale nikaita, Baba, njoo unisaidie. Dada, alikuwa ameshainuka kabla sijamwambia ni kitu gani.

Mdogo wako akupendaye,
Theresia