Papa Éliézer Njo Atatafsiri

Jumatatu, 3 novemba 2025

Nina hasira mpaka kalamu inapasua karatasi!

Réunion ku Flagey, hapa Ulaya: tumekutana sisi ba-militantes, batetezi ba haki, na ba-profs ba université. Jumamosi ni siku ya ushuhuda juu ya ukatili wa kisiasa. Maman Alphonsine atasema yale basoda ba jeshi balimutendea ku Bukavu, yeye na Régine, banamuke babili, juu balikuwa banaishi pamoja kama bibi na bwana. Hajapata kusema mbele ya batu. Ni mimi njo nilimubembeleza.

Bon. Prof Michelle anatangaza, meno yote inje: tumepata mukalimani wa Kiswahili! Papa Éliézer, shemasi wa kanisa moja ku Anderlecht.

Eh Mungu! Ni kanisa ya dada yake Alphonsine! Na Alphonsine anaishi kwa huyo dada. Dada akisikia Régine alikuwa nani, atamufukuza siku ileile.

Nikasema hapana. Michelle akajibu na upole wake — ule upole unaniudhi kuliko matusi — eti ni muntu wa kwetu, wa communauté yetu, batu batajisikia nyumbani. Nyumbani! Nyumbani njo kule tulikimbia, Michelle.

Nikasema: basi nitafsiri mimi. Akajibu haiwezekani: kanuni ya utafiti, mukalimani asiwe mumoja wetu, asiwe na upande. Shemasi hana upande! Nilicheka vibaya.

Jumanne, 4 novemba

Nakumbuka kilio cha Régine, matanga yake, mwaka jana ku Anderlecht. Papa Éliézer njo aliongoza. Famille ya Régine balikaa chini ku mukeka, mbele. Alphonsine — miaka kumi na tisa na yeye! — akataka kukaa nabo. Papa akamushika mukono, na heshima yote: Maman, ba-maman ba jikoni bana kazi mingi. Akamupeleka. Siku mbili alikaranga samaki ya batu balikuya kulilia muke wake.

Alijua. Usiniambie hakujua.

Alhamisi, 6 novemba

Michelle kwa simu. Analia, anaomba samahani. Lakini mukalimani mwingine hakuna, na bageni bameshanunua ticket. Banza, mwenzetu wa Lubumbashi, anasema tuahirishe. Ba-profs hapana. Ku karatasi banaandika ukatili unaingia mpaka chumbani. Ukifika mu programme yao, hawauone.

Nikaenda Laeken, kwa dada yake Alphonsine. Dada alikuwa kazini, nikamwambia Maman Alphonsine yote. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilingoja apige kelele.

Akauliza tu kama Papa mwenyewe atakuwa pale. Ndiyo, Maman. Na atarudilia kila neno yangu? Njo kazi yake.

— Alors, basi, ninakuya.

Nilimukasirikia hata yeye! Na dada yako? Utalala wapi? Akasema amechoka kulala kwa batu hawamujue. Akanipa sombe nibebe.

Jumamosi, 8 novemba

Naandika mulangoni mwa salle, ukumbi wa mukutano, nimesimama. Pause, mapumziko kidogo. Haraka.

Salle imejaa. Maman mu kitenge ya bleu, Papa Éliézer kando, na micro ya kupaza sauti. Michelle akamuomba atuambie ya Bukavu. Maman akasema: Bukavu nitafika. Naanza na huku Ulaya, ku Anderlecht.

Akasema kilio. Mukeka. Samaki. Papa anatafsiri pole pole, jasho ku shingo. Halafu akasema Régine alikuwa muke wake, na muntu alimutoa ku mukeka ni huyu hapa.

Papa kwa Kifaransa: Régine alikuwa rafiki yake mupendwa. Nukta. Ya muntu alimutoa ku mukeka akameza.

Nikaruka! Uongo! Hakusema vile! Batu bote baligeuka. Michelle, uso mwekundu, akatangaza pause.

Nikakimbilia Maman: twende, ao nipe micro nitafsiri mimi. Akanisukuma mukono.

— Acha, Sephora. Wewe ukisema, bazungu batasikia. Mimi nataka yeye aseme. Na kinywa yake.

Siku tano nagombana na batu bote juu ya kumulinda, na hata siku moja sikumuuliza anataka nini.

Batu banarudi ku viti. Papa angeweza kutoka. Hakutoka. Maman amemugeukia, anarudilia, sauti ya chini:

— Régine alikuwa muke wangu. Ulinitoa ku mukeka. Sema, Papa.

Michelle anataka kuingilia. Banza amemushika bega.

Papa Éliézer ameinua micro. Iko wazi. Salle nzima tunasikia vile anapumua.