Amelala

Ushirombo, Jumamosi, 11 Agosti 1979

Amelala, nilisema, na hakuwa amelala.

Jirani yetu Mama Kulwa alikuja alasiri kumjulia hali Masanja, mwanangu aliyerudi kutoka vitani Uganda bila miguu. "Shikamoo, Mwalimu. Kiwete chako kimelala?"

"Marahaba. Kiwete ni mtu, Mama Kulwa. Sema amelala."

"Haya, amelala. Kwako hata usingizi una sarufi." Akacheka, akaenda zake.

Sarufi ilikuwa sahihi. Lakini Masanja alikuwa macho nyuma ya pazia, mahali nilipomsukuma na kiti chake cha magurudumu niliposikia hodi.

Jumatatu nilimsimulia habari za yule rais wa Marekani aliyepooza miguu, akaiongoza nchi yake katika vita vikuu akiwa kwenye kiti kama hicho. Nilitaka apate moyo. Sikumwambia kwamba wapiga picha walizuiwa wasikionyeshe kiti.

Nilipofungua pazia, aliniuliza taratibu, "Baba, na rais wako alikuwa akilala wageni wakija?"

Ikanibidi nimweleze ile sehemu niliyoiruka.

"Basi yeye alijificha mwenyewe," akasema. "Mimi unanificha wewe."

Miezi miwili hajatoka nje. Nilidhani aibu ni yake.

Kesho nitamwomba aniruhusu nimsukume hadi kanisani, katikati ya barabara, watu wakitutazama. Naogopa macho yao. Naogopa zaidi kwamba atakataa.